Spika za rafu za daraja la juu: namna ya kuchagua jozi itakayoelewana na sebule yako

Mtu aliyezoea sabufa, lile boksi kubwa la sakafuni na vispika vyake vinne vya plastiki, akionyeshwa jozi ya spika zenye kimo cha sentimita 30 na kuambiwa bei yake ni dola 1,500, swali lake la kwanza huwa: besi je? Besi ipo, ila ya kiasi, na sehemu kubwa ya pesa hizo haikwenda huko. Katika spika ndogo ya daraja la juu unalipia sauti ya kati: koo la mwimbaji, kucha kwenye nyuzi za gitaa la rumba, ganuni na fidla za taarab zikisikika kila moja mahali pake bila kurundikana. Anayelikubali hili mapema hatapata tabu kuchagua. Asiyelikubali atanunua spika nzuri kisha azilaumu kwa kazi ambayo hazikuundwa kuifanya.

Ukoo wa spika hizi unaeleweka vizuri ukianza na spika iitwayo LS3/5A. BBC iliiunda miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Humo nafasi ni finyu, fundi mitambo hukaa karibu kabisa na spika, na anachotaka kujua ni kama sauti ya mtangazaji inatoka ilivyo. Boksi lake lina ujazo wa lita tano hivi. BBC ilitoa leseni kwa viwanda kama Rogers na Spendor, na watu wakazichukua hadi majumbani. Wufa yake (kipande kinachotoa besi na sauti ya kati) na twita yake (kinachotoa sauti za juu) zilitengenezwa na KEF ya Maidstone, Uingereza. Mwaka 2012 KEF hiyohiyo ikatoa LS50 kwa kumbukumbu ya miaka 50 ya kiwanda, ikifuata nyayo za LS3/5A, na mwaka 2020 ikaja LS50 Meta. Nitazitaja hizi mara kwa mara kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana, ingawa soko ni pana: wapo watengenezaji kama Harbeth, wapo Dynaudio wa Denmark, na wapo Bowers & Wilkins, ambao 805 D4 yao yenye twita ya almasi ilitoka mwaka 2021 kwa dola 8,000 hivi kwa jozi.

Hatua ya kwanza: pima chumba kabla ya kufungua tovuti yoyote ya bei

Chukua futi kamba. Andika urefu wa sebule, upana, kimo hadi dari, na umbali kutoka kochi utakalokalia hadi mahali spika zitakaposimama. Namba hizi nne zitakuamulia mengi kuliko jina la kiwanda.

Kila chumba kina noti zake za besi kinazozikuza chenyewe. Gawanya 343, ambayo ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule ya mita 5 itavuma kwenye 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde) hivi, upande wa mita 4 utavuma kwenye 43 Hz, na dari la mita 3 kwenye 57 Hz. Zikiwa namba tofauti, uvumaji unagawanyika. Chumba cha mraba kina taabu yake: urefu na upana vinavuma kwenye noti ileile, kwa hiyo noti moja ya gitaa la besi inajaa chumba kizima huku jirani yake ikipotea. Mwenye chumba cha mraba asinunue spika yenye besi nzito hata akiwa na pesa zake.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wa Marekani hawaliandiki kwa sababu haliwahusu. Nyumba zao nyingi ni za fremu za mbao na kuta za jipsamu, na besi hupenya ikaenda zake. Zetu ni za matofali ya saruji. Besi hugonga ukuta ikarudi, kwa hiyo spika ndogo ikiwekwa Tabata ya Dar au Kisauni ya Mombasa husikika nzito kuliko uchambuzi ulivyosema. Hiyo ni faida. Hasara ni kwamba sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo na ukuta mtupu huzirudisha pia sauti za juu, na hapo ndipo spika ya dola elfu kadhaa inapoanza kukwaruza masikio.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, chumba hakijawa tayari. Tandika zulia zito kati ya kochi na spika, weka pazia za kitambaa kizito, na kabati la vitabu lisimame kwenye ukuta ulio nyuma yako. Makochi ya kitambaa husaidia kuliko ya ngozi. Kama una dola 300 za ziada na marumaru tupu, nunua zulia kwanza, spika ya daraja la juu zaidi itasubiri. Angalia na vioo vya luva: besi ikipanda vinacheza kwenye fremu zake, na utadhani wufa imepasuka. Wenye paa la bati lisilo na dari nao wanajua kwamba wakati wa masika hakuna spika ya kushindana na mvua. Hilo halina dawa dukani.

Hatua ya pili: piga hesabu ya wati na umbali

Kila spika ina kipimo cha unyeti, yaani desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi zinasikika mita moja mbele yake ikipewa wati moja. LS50 Meta ni 85. LS3/5A ya zamani ni 82 na ushei, ndogo kabisa. Spika nyingine za rafu hufika 88 au 90. Namba hizi zinaonekana kukaribiana, lakini kila desibeli 3 za juu zinadai wati mara mbili, na kila desibeli 10 zinadai wati mara kumi.

Tuchukue spika mbili za desibeli 85 na kochi lililo mita 3. Kwa wati moja kwa kila spika, katika sebule ya kawaida, masikioni utapata desibeli 81 hivi. Hiyo tayari ni sauti ya juu kuliko mazungumzo ya watu. Tatizo ni kwamba muziki haukai mahali pamoja: pigo la ngoma au tarumbeta huruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani kwa kitambo kidogo. Desibeli 20 ni wati mara mia. Ndiyo maana spika ya 85 inataka amplifaya ya wati 50 hadi 100 za kweli, hata kama muda mwingi inatumia mbili tatu. Spika ya desibeli 90 ingeridhika na theluthi ya hizo.

Wati za kweli ninazosema si zile za kwenye stika. Amplifaya iliyoandikwa wati 3,000 na kebo yake ya umeme ni nyembamba kama ya chaja ya simu inadanganya mchana kweupe. Tafuta namba inayosema wati kwa kila chaneli, yaani kila upande, kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja.

Kuna mtego mwingine hapa. Viwanda vingi hupima unyeti kwa volti 2.83 badala ya wati moja. Kwenye spika ya omu 8 volti hizo ni wati moja kamili. Kwenye spika ya omu 4 ni wati mbili, kwa hiyo ile 88 unayoiona kwenye karatasi kwa wati moja ni 85. Soma namba zote mbili pamoja, unyeti na omu.

Kwa umbali wa mita 2 hadi 3 karibu spika yoyote nzuri ya rafu itakutosha. Ukikaa mita 4 au zaidi, au sebule ikiwa imeungana na chumba cha kulia na jiko, tafuta yenye unyeti wa 87 kwenda juu na wufa ya inchi sita na nusu, au nenda kwenye spika ndefu za kusimama sakafuni. LS3/5A ukiitaka ijaze ukumbi wa namna hiyo utaiunguza.

Hatua ya tatu: soma karatasi ya vipimo bila kudanganywa

Namba ya omu iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya jumla. Iliyo muhimu ni ya chini kabisa. LS50 Meta huandikwa omu 8, lakini kwenye masafa fulani (noti fulani, kwa Hz) hushuka hadi 3.5. Amplifaya ndogo inayopata joto haraka haitapenda hilo, hasa Dar au Mombasa ambako chumba chenyewe kina nyuzi 30. Uliza kama amplifaya inahimili omu 4. Kama mwongozo wake hautaji omu 4 popote, iache.

Masafa nayo yana ujanja wake. LS50 hiyohiyo ina namba mbili halali: kuanzia 79 Hz kwa kupanda na kushuka kusikozidi desibeli 3, au kuanzia 47 Hz ukikubali sauti iwe imeshuka desibeli 6. Muuzaji atakuonyesha 47. Ulinganishapo spika mbili, hakikisha kipimo ni cha namna moja, na masafa yaliyoandikwa bila desibeli pembeni usiyahesabu kabisa. Waya mnene wa gitaa la besi unapigwa 41 Hz. Spika ndogo haiutoi sawasawa, ila inautoa mlio wake wa pili wa 82 Hz na wa tatu wa 123 Hz, na ubongo unajaza pengo. Ndiyo maana rumba husikika imekamilika kwenye spika ndogo, wakati muziki wa mashine wenye besi za chini kabisa husikika una upungufu.

Tazama nyuma ya boksi. Lenye tundu la hewa husaidia besi kushuka zaidi, lakini likifika mwisho wake hukatika ghafla, na likibanwa ukutani huvuma. Boksi lililofungwa, kama la LS3/5A au Harbeth P3ESR, lina besi kidogo zaidi lakini inayoshuka polepole, na huvumilia kukaa karibu na ukuta. Kwa vyumba vya kupanga visivyo na nafasi, mimi nina upendeleo wa wazi kwa yaliyofungwa.

Grafu, yaani mchoro wa nguvu ya sauti kwenye kila masafa, ndiyo karatasi ya maana kuliko zote. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wake katika taasisi ya taifa ya utafiti huko Ottawa, Kanada, na baadaye Harman, aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Bila kuona jina wala bei, wengi walielekea kuchagua spika ambazo mstari wa grafu yake umenyooka zikipimwa kwa mbele, na unateremka taratibu bila mashimo zikipimwa kwa pembeni. Utafiti huo ulizaa namna ya kupima inayotumika leo, na magazeti kama Stereophile huchapisha grafu za spika wanazozichambua. Ukiona mstari wa mbele umenyooka lakini wa pembeni una bonde kubwa kati ya 2,000 na 4,000 Hz, fahamu kwamba katika sebule ya marumaru bonde hilo utalisikia, maana kuta zinakurudishia sauti za pembeni kwa wingi.

Hatua ya nne: gawanya bajeti

Kosa la kawaida ni kumaliza pesa zote kwenye spika. Kwa dola 2,500 ningeweka 1,500 kwenye spika, 600 kwenye amplifaya, na zilizobaki ziende kwenye stendi, waya, zulia na kifaa cha kulinda umeme. Amplifaya safi siku hizi si ghali kama zamani, kwa hiyo usiogope kuipa spika sehemu kubwa.

Waya usikupotezee usingizi. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha: kwa mita 5 kwenda na kurudi ukinzani wake ni kama omu 0.07, ambao mbele ya spika ya omu 4 hauna uzito wowote. Hakikisha tu ni shaba kweli. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba umejaa madukani. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe.

Sabufa ya kuongezea besi inunue baadaye, baada ya kuishi na spika miezi michache. Ukiileta, ikate kwenye 80 Hz hivi, yaani ipige zilizo chini ya hapo tu, na uitafutie mahali kwa kusogeza, usiitupe kona. Sabufa nzuri huipunguzia wufa ndogo mzigo, na sauti ya kati husafika zaidi.

Hatua ya tano: sikiliza, na usikilize kwa ujanja

Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi utapata sabufa na spika za sherehe kwa wingi, lakini spika za namna hii ni chache, na chumba cha kusikilizia ni nadra. Wengi huagiza au humwomba ndugu aliye London, Dubai au Toronto. Kama ndugu huyo yupo, mwombe aende dukani asikilize kwa masharti haya, au uende mwenyewe ukisafiri.

Beba muziki unaoujua hadi pumzi za mwimbaji, wa ubora mzuri, usiwe wa kurushwa kwa WhatsApp. Anza na sauti ya mtu anayeongea. Sauti ya binadamu ndiyo kipimo kikali kuliko vyote, kwa kuwa sikio limeizoea tangu utotoni: mtangazaji asisikike kama ana mafua wala kama yuko ndani ya pipa, na herufi S isichome. Kisha weka taarab yenye fidla nyingi, usikilize kama unaweza kufuata moja tu hadi mwisho wa ubeti. Kisha dansi ya zamani ya magitaa matatu. Besi iache mwisho.

Spika inayopiga kwa sauti ya juu kidogo huonekana bora kila mara, na wauzaji wanalijua hili. Tumia programu ya kupimia desibeli kwenye simu, cheza kelele ileile ya kupimia (kwa Kiingereza pink noise) kwenye spika zote mbili, sawazisha, ndipo ulinganishe. Kaa nusu saa nzima. Spika yenye twita kali hukuvutia dakika za kwanza kwa kung'aa kwake, ikifika dakika ya ishirini unatafuta rimoti upunguze.

Hatua ya sita: za mtumba

Hapa ndipo pesa ndogo inapopata kitu kikubwa, na ndipo pia watu wanapoumia. Spika zisizo na amplifaya ndani hazichakai haraka, na hazina habari na volti, kwa hiyo jozi ya kutoka Marekani itafanya kazi Tanzania au Kenya bila trafo. Zile zenye amplifaya ndani ni jambo jingine: angalia nyuma kama zinakubali volti 230 au 240, ama utaunganisha mara moja tu.

Kagua ukingo unaoshika koni, ule uso wa wufa unaotikisika. Wa sponji huoza, na joto lenye unyevu la pwani huuharakisha. Ukibonyeza kidogo ukabaki na ungaunga kidoleni, bei ishuke au uondoke. Wa mpira hudumu miaka mingi. Pima kwa mita ya fundi umeme kwenye vituo vya waya: spika ya omu 8 kwa kawaida itaonyesha kati ya 5.5 na 7. Kipimo hiki hakikuambii lolote kuhusu twita, kwa sababu kapasita ndani ya krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) huuzuia umeme wa mita usiifikie, kwa hiyo cheza muziki kwa sauti ndogo uweke sikio kwenye kila twita. Kubali jozi zenye namba za usajili zinazofuatana au kulingana. Na beba mizani ya kuning'iniza: LS50 Meta moja ina kilo 7.8. Bandia huwa nyepesi mno, maana boksi zito ni gharama ambayo mghushi hataki kuiingia.

Ukiagiza kutoka nje, mtafute wakala wa forodha kabla ya kulipa, akupe hesabu ya kodi na usafiri pamoja. Uliza pia dhamana inafanya kazi nchi gani, kwa kuwa mara nyingi ni ile tu iliponunuliwa.

Hatua ya saba: kuziweka

Usizisukumize ndani ya rafu kama huna lazima. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea stendi nzuri za bomba la mraba; mwambie kimo kifanye twita ilingane na masikio yako ukiwa umekaa, ambayo mara nyingi huleta stendi ya sentimita 60 hadi 70. Jaza bomba mchanga mkavu ili lisilie. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana.

Umbali kutoka ukuta wa nyuma ni wa kujaribu. Wufa ikiwa sentimita 80 mbele ya ukuta, sauti inayorudi huifuta sehemu ya 107 Hz hivi, na besi inakuwa nyembamba bila sababu inayoonekana. Anza na nyuma ya boksi ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani, kisha vuta mbele sentimita 10 kwa kila wimbo hadi sauti ya mwanamume iache kuvuma kifuani. Weka alama kwa utepe wa gundi sakafuni. Tundu la hewa likivuma bado, lizibe kwa sponji.

Hakikisha nyekundu imeingia nyekundu na nyeusi nyeusi pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa besi hutoweka na mwimbaji hajulikani alipo; wapo waliouza spika zao kwa hasara kwa sababu hiyo tu. Amplifaya ipitie kwenye kifaa cha kulinda umeme, na radi zikianza chomoa plagi kabisa.

Nyumba yenye watoto iache vifuniko vya mbele mahali pake muda wote, hata kama mchambuzi fulani amesema sauti ni bora bila hivyo. Kidole kimoja kikibonyeza twita, gharama yake utaletewa kwa dola. Vumbi la kwenye koni liondoe kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, na twita usiiguse kwa kitu chochote.